Askofu wa Ngazini

3 Februari

Kaka,

Mimi mzima, Mama mzima, kuku wa Mama mwenye jicho moja naye mzima na bado anadonoa wageni. Wasiwasi wetu ni wewe tu uliye mbali, maana tunasikia umekuwa mkubwa.

Askofu! Kaka, hukuweza kutuandaa kidogo? Barua unaianza na mvua, unaingia kwenye mgongo wa Shemeji, halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuazima kiberiti, unaandika "sinodi imenichagua kuwa askofu." Nilikuwa namsomea Mama kwa sauti hapa mezani kwangu katikati ya viatu. Nikafika hapo nikanyamaza. Mama akasema, "Endelea. Nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, mwanao kawa askofu. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akasema, "Rudia, na usiongeze chumvi."

Nikarudia. Akasema, "Huyu si alikuwa anaogopa bata?"

Sasa soko zima linajua. Sikutangaza, nilinong'ona tu kwa sauti kubwa. Muuza ndoo ananiita Mdogo wa Askofu, na fundi saa kaniuliza kama naweza kumwombea mkewe arudi. Nimemwambia maombi ya ndoa yanapitia ofisi ya juu.

Lakini utani pembeni. Uliondoka hapa na begi lililokufa zipu, ukafungia kamba ya kiatu, kamba yangu hiyo, sijaisahau. Ukaenda kuosha masufuria ya hospitali kwa watu wasiojua hata kutamka jina lako. Leo wenye nchi yao wameinua mikono wakasema, tuongoze wewe. Nililia, Kaka. Nikamwambia mteja ni vumbi.

Mama anataka picha. Si ya uso, uso wako anaujua. Anataka umekaa kwenye kile kiti kikubwa, umeshika ile fimbo, na uonekane wote, kichwa mpaka miguu, ajue kama unakula. Msumari ameshapigilia ukutani, uko peke yake pale kama jino la mzee. Ukichelewa nitatundika kofia yangu.

Mdogo wako,
Kisigino
(Mdogo wa Askofu. Viatu vya ngozi na raba, mkabala na bomba la maji)


20 Februari

Kisigino, mdogo wangu,

Punguza kunong'ona. Bado mimi ni askofu mteule. Maana yake nimeposa, sijaoa.

Dayosisi hii ina kanuni yake ya zamani. Kabla ya kusimikwa, mteule anazunguka sharika zote. Akifika anakuta mlango mkubwa wa kanisa umefungwa na watu wako ndani. Anagonga mara tatu. Wazee wa kanisa wakimfungulia, wanamwingiza, wanasali naye, basi, usharika umempokea. Milango yote ikifunguka, anasimikwa. Ukibaki hata mmoja mpaka sinodi ya mwezi wa sita, uchaguzi unarudiwa na yeye anarudi alikotoka. Zamani ilikuwa kitu cha kutisha. Siku hizi ni sherehe, watu wanapika chai kabla hujagonga.

Mimi milango imenifungukia vizuri. Umebaki mmoja tu, kwenye mji mdogo uliokuwa na kiwanda. Wanajiandaa. Kwa hiyo mwambie Mama picha itakuja, na bata sikuwaogopa, walikuwa wananionea.

Shemeji yako anawasalimu. Wiki hii amezalisha mapacha ndani ya lifti, na ananiuliza mimi nimefanya nini cha maana. Kinachonisumbua ni mvua tu. Pale kanisani kwao mbele hakuna kibaraza, unakaa kwenye ngazi na maji yanakujia kutoka juu na kutoka chini. Viatu vyangu vinakunywa kuliko mimi. Nimenunua vingine dukani vimenichuna vidole vyote, maana vya huku wanavikata kwa ajili ya miguu myembamba, na wewe unajua mguu wa ukoo wetu, mpana kama sinia.

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Yaani una mdogo muuza viatu na unalalamika miguu? Ni sawa na mwenye ng'ombe kulia njaa ya maziwa.

Nimekupata. Daktari wa meno, mteja wangu, mtu mzuri isipokuwa akishika koleo, anakuja huko kwenye mkutano wao. Nimempa kifurushi. Ngozi nzito, soli nene, nimekuchagulia mwenyewe kutoka kwenye robota jipya la mitumba, na upana ni wa kwetu, nimeingiza ngumi yangu ikacheza. Na ujue hivi viatu vimetoka huko huko kwenu. Kuna mtu alivivaa, akavichoka, vikapanda meli vikaja kupumzika mezani kwangu. Sasa vinarudi. Viliondoka miguuni mwa sijui nani, labda mlevi, vinarudi vimepanda cheo.

Lakini Kaka, kuna kitu kinaniwasha. Unasema hao watu wa mwisho "wanajiandaa". Wanaandaa nini, harusi? Mlango unafunguliwa kwa mkono, si kwa kamati. Halafu unasema unakaa kwenye ngazi zao. Askofu anakaaje kwenye ngazi? Mimi nimeuza viatu miaka mingi, najua mteja anayesema "napita tu" na najua anayejikausha. Wewe unajikausha.

Mama anasema nikukumbushe: hodi ni tatu. Tatu zikipita bila karibu, mtu mwenye adabu anageuka. Hachungulii dirishani.

Kisigino


2 Aprili

Shemeji Kisigino,

Mume wangu hajui kama naandika. Ukimwambia, mimi na viatu vyako basi.

Mlango haujafunguka. Kila Jumapili anaamka, anapanda basi, anafika, anagonga mara tatu. Wako ndani, anawasikia wanaimba. Hawafungui. Anakaa ngazini na kitabu chake cha nyimbo ndani ya mfuko wa plastiki, anasali ibada yao yote kutoka nje. Wakimaliza wanatokea mlango wa nyuma, wanaenda makwao bila kumtazama. Anarudi hapa anatetemeka mpaka kikombe kinapiga meno. Nikimuuliza, "Vipi leo?" anasema, "Wameimba vizuri."

Si watu wabaya, nimeuliza. Walikuwa na kiwanda cha viatu, kikafungwa. Ikafungwa shule. Askofu aliyepita akawaondolea mchungaji, kwa barua. Wamebaki na lile jengo na wanasali wenyewe. Wanaamini huyu mgeni ametumwa kulifunga la mwisho. Mwenyekiti wa wazee ni bibi aliyeshona viatu pale kiwandani maisha yake yote, kaka yako anamwita Bibi Sindano. Alisema mbele ya watu, "Wa kwetu alitufungia kwa barua. Huyu wa mbali atatufungia kwa tabasamu."

Wakubwa wa sinodi wanamshauri ajitoe mapema, kwa heshima. Juzi nilimkuta anaangalia mabei ya meli ya kusafirisha mizigo. Nikajifanya nimefuata kikapu cha nguo, nikaondoka.

Anakusikiliza wewe kwa sababu humwogopi. Mwandikie.

Shemeji yako


15 Aprili

Kaka,

Hakuna aliyeniambia chochote. Nasema mapema ili tusisumbuane.

Nimeota tu. Nimeota mtu mmoja, simtaji, amekaa kwenye ngazi za kanisa la watu wa kiwanda kama kuku mgeni mwenye kamba mguuni, na ndani kuna bibi mkali. Ndoto ilikuwa ndefu na ilikuwa na majina.

Sasa huyo mtu wa ndotoni nina maneno naye. Moja, hakuna kujitoa. Mama ana msumari ukutani. Kila asubuhi anaupangusa! Mbili, wewe ni mtoto wa nani? Baba alimdai jirani jembe lake mpaka jirani akahama, Baba akamfuata alikohamia. Sisi hatuna akili nyingi lakini hatuondoki.

Tatu, hapa sikiliza fundi. Hao watu hawakukatai wewe. Wanaogopa kufungiwa. Sasa kwa nini usiwaahidi? Simama pale mlangoni piga kelele, "Kanisa hili halifungwi mpaka Yesu arudi!" Wakifungua, ingia. Ukishaingia, mengine ni mbele ya safari. Mimi kila siku nauza hivyo. Mteja anauliza, "Soli hii itamaliza masika?" Namwambia, "Itakuzika wewe." Anafurahi, ananunua. Ikibanduka, akirudi ananikuta nimeinama chini ya meza natafuta kitu.

Ahidi, Kaka. Neno halina kilo.

Kisigino

Nyongeza: Mama anauliza kwa nini nimeandika barua nimekunja uso. Nimemwambia jua. Na viatu vyangu vimefika au daktari kavivaa?


4 Mei

Kisigino,

Shemeji yako alikiri kabla sijamaliza mstari wa pili wa ndoto yako. Hajuti, na amesema nikuambie viatu vyako anavitambua tena.

Basi tuseme kweli. Ni kama ulivyosikia. Na ndiyo, niliangalia mabei ya meli. Niliwaza nirudi, nikae na Mama, nikusaidie kupiga brashi. Nimekaa nchi hii zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimezika watu wao, nimebatiza wajukuu wao, na bado naweza kufika kwenye mlango mmoja nikawa mtu aliyeshuka jana.

Lakini kuahidi, hapana. Nimeona paa la lile kanisa, limelegea kama godoro la zamani. Watu wenyewe wanatosha mabenchi ya mbele tu. Sijui kama litabaki. Nikiahidi leo, halafu mwakani nikaja na kufuli, nitakuwa nimethibitisha kila walichosema juu yangu. Neno halina kilo kwako kwa sababu una meza ya kujificha chini yake. Mimi nitajificha wapi? Chini ya madhabahu?

Na sijitoi pia. Nilipofika hapa, jikoni pale hospitalini walikuwa na rundo la masufuria yaliyoungua, yamewekwa pembeni kwenda kutupwa. Msimamizi akaniambia, hayo acha, hayatakati. Hakuna aliyeniomba. Kila zamu nikimaliza ya kwangu nilichukua moja nikasugua. Wenzangu walicheka sana. Lakini jiko lile likaja kupikia masufuria hayo, na msimamizi ndiye aliyenipa anwani ya chuo cha theolojia. Sikuwa na mbinu, Kisigino. Nilisugua tu. Mwambie Mama sichungulii dirishani. Hodi ni tatu kwa siku, nakubali, lakini Jumapili ni nyingi.

Sasa tuje kwenye kifurushi.

Kimefika. Nimefungua mbele ya Shemeji yako. Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu: cha kulia ni cheusi, cha kamba. Cha kushoto ni cha kahawia, kina kifungo cha chuma ubavuni. Umeniletea wachumba wa watu wawili tofauti. Shemeji yako alicheka mpaka akakaa sakafuni, nikampa mkono kumwinua, akaangalia chini, akakaa tena.

Nimevijaribu. Vinanitosha vyote viwili! Tangu nihame nyumbani miguu yangu haijawahi kukaa mahali bila kugombana. Vya zamani vimeachama soli, vya dukani vidole vyangu bado vina vidonda. Mvua haijaacha. Sinodi iko karibu, zimebaki Jumapili za kuhesabu kwa mkono mmoja. Nitavaa nini?

Kaka yako


17 Mei

Kaka, USIVAE!

Nimesoma barua yako nikakimbilia gunia. Kweli. Nimeshika hapa cheusi cha kushoto na cha kahawia cha kulia, vinanitazama kama wajane.

Sikiliza ilivyokuwa. Biashara yetu unaijua, kiatu kimoja kinakaa mezani, mwenzake ndani ya gunia, kwa sababu mwizi hana kazi na mguu mmoja. Mteja akipenda, unazamisha mkono unatoa mwenzake. Siku ile daktari alikuja mbio, teksi inapiga honi, na Mama alikuwa amekaa juu ya gunia anapumzika. Mezani nikachukua cheusi. Nikamwambia Mama nipe mwenzake. Mama macho yake siku hizi ni ya kubahatisha, akazamisha mkono, akapapasa soli, akapapasa kisigino, akatoa, akasema, "Hiki ndicho." Na mimi sikuangalia. Sikuangalia kwa sababu nilikuwa namhubiria dereva wa teksi habari zako! Namwambia, unajua hivi viatu vinakwenda kuvaliwa na nani? Nikafunga kamba na gazeti huku namtazama yeye usoni nione kama ameshtuka.

Kwa hiyo ni sifa zimeniponza. Vumilia, natafuta msafiri, nakuletea hivi viwili ukamilishe. Wewe mtu wanakutafutia sababu, usiwapelekee miguuni! Watasema mgeni hajui hata kuvaa. Vaa vilivyoachama. Vaa vya Shemeji. Jifunge mifuko ya plastiki. Mimi nitakuwa kichekesho cha dini nzima.

Mama ananinyang'anya kalamu lakini hawezi kuona mstari, kwa hiyo naandika anavyosema, neno kwa neno, kanishika sikio:

"Mwanangu. Huyu mdogo wako ana kelele. Mguu umetosha au haujatosha? Kama umetosha, vaa. Nilikipima kwa mkono, mkono wangu haujakosea mguu wako tangu ulipokuwa unauweka tumboni mwangu. Hao watu wasipokupokea kwa ajili ya rangi ya kiatu basi hawakuwa wanakusudia kukupokea. Nenda ukapige hodi. Kula."

Hayo ni yake. Ya kwangu ni USIVAE.

Kisigino


10 Juni

Kisigino, mpe Mama barua hii, yaani msomee, na usiongeze chumvi.

Barua yako ilinikuta nimeshavaa. Tena nilikuwa nimevivaa Jumapili kadhaa. Wa kwenye basi walitazama, wakatazama pembeni. Watu wa huku wana adabu ya namna hiyo, unaweza kuwaka moto wakakuuliza hali ya hewa.

Jumapili ya mwisho kabla ya sinodi niligonga zangu tatu. Wakaanza wimbo. Nikakaa kwenye ngazi, mvua ikakaa na mimi. Katikati ya ibada nikasikia mtu anazunguka ukuta kutoka nyuma, na ndoo. Ni Bibi Sindano, alikuwa anakwenda kumwaga maji ya paa linalovuja. Akamwaga. Akapita mbele yangu kama ninavyopitwa siku zote. Halafu akarudi kinyumenyume. Akasimama anatazama chini.

"Hivyo ni nini?"

Nikasema, "Viatu, Mama."

"Naona ni viatu. Nimeshona viatu maisha yangu yote. Nauliza hivyo ni nini. Kwenu ndivyo mnavyovaa?"

"Hapana. Kwetu pia wangecheka."

"Nani amekuuzia?"

"Sijauziwa. Mdogo wangu amenitumia. Anauza mitumba."

"Mwizi?"

"Muuzaji."

"Ni walewale." Akaweka ndoo chini. "Vua hicho cha kahawia."

Nikavua. Mwanamke huyu, Kisigino, hajawahi kunijibu hata salamu, alisimama kwenye mvua amegeuza kiatu chako kama mpishi anayekagua samaki. Nilidhani ataniambia ni cha kiwandani kwao. Moyo wangu ulishaanza kutunga mahubiri. Akaangalia mshono, akavuta ulimi wa kiatu, akasema, "Si chetu. Kazi mbovu hii." Akanirudishia.

Nikavaa. Hakuondoka.

"Kwa nini unakaa hapa kila Jumapili? Tumekukatalia. Huelewi lugha?"

"Naelewa. Nimekuja kusali. Ndani hamjanikaribisha, ndiyo maana nasalia hapa."

"Wenzako hawakufika hata kwenye geti. Walituma barua." Maji yalikuwa yanatiririka kwenye skafu yake. "Sasa niambie mwenyewe, sitaki tabasamu. Utalifunga?"

Hapo nilikukumbuka wewe. Neno halina kilo! Lilikuwa mdomoni kabisa, tamu kama tende. Nikasema, "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Mama. Paa unaliona, watu unawajua idadi. Siwezi kukuahidi. Ninachojua, sitatuma barua. Ikifika siku hiyo nitakuja mwenyewe, nitagonga, nitakaa hapa mpaka mseme yote mliyonayo. Na isipofika siku hiyo, nitakuja vilevile."

Akachukua ndoo yake akarudi alikotoka. Basi, nikajua nimekwisha. Nilimwona Mama anaung'oa msumari. Nikafungua kitabu nikaendelea na wimbo kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Wimbo ule hawakuumaliza. Kukawa na kelele za watu ndani, wanabishana, mabenchi yanaburutwa. Halafu komeo likalia. Mlango ukatikisika, haukufunguka. Ukatikisika tena. Kumbe tangu wamekosa mchungaji hawajautumia, wanapita nyuma, na mbao zimelowa zimevimba. Hata wangetaka kunifungulia wiki za nyuma wasingeweza! Nikasimama pale nimeshika kofia, najiandaa kupokelewa kwa heshima kama kitabu kinavyosema. Ndipo nikamsikia Bibi Sindano kutoka ndani, sauti inapita kwenye ufa:

"Sukuma na wewe huko! Umesimama tu kama mgeni!"

Kisigino, nilisukuma. Niliweka bega, nikazamisha kile cheusi na kile cha kahawia kwenye jiwe la ngazi, hakikuteleza kimoja, wao wanavuta, mimi nasukuma, na ulipoachia niliingia dayosisi yangu kwa magoti. Wakacheka, na mimi nikacheka. Hakuna hotuba iliyosomwa. Bibi akaniinua kwa kola, akanionyesha tambara mlangoni, akasema, "Futa miguu. Yote miwili, hata kama si ndugu."

Sinodi imeshapita. Wamesoma majina ya sharika zote, wakafika la mwisho, wakasoma na hilo. Nasimikwa mwisho wa mwezi.

Paa bado linavuja. Nimeombwa nikashike ndoo ya pili.

Kaka yako,
Askofu wa Ngazini

Nyongeza: hivyo viwili ulivyobaki navyo usinitumie.


22 Julai

Baba Askofu, leo umelipata jina na sitakuita hivyo tena,

Picha imefika. Nimeibeba sokoni kwanza, samahani, ilikuwa lazima. Muuza ndoo ameishika kwa ncha za vidole. Fundi saa amesema joho limekukaa, lakini mbona askofu kavaa viatu vya ugomvi? Nikamwambia hiyo ndiyo sare, wadogo hamjui. Bibi Sindano ni yule wa pembeni mwenye skafu, sivyo? Uso huo naujua, ni wa mteja anayeomba apunguziwe halafu anarudisha.

Kumbe hukuvivua hata siku ya kusimikwa. Shemeji kaniandikia alikununulia vipya, vizuri, vyeusi vyote, ukavipanga chini ya kitanda ukaenda na vya Mama.

Nina habari mbaya ya biashara. Juzi mteja kaniuliza, "Soli hii itamaliza masika?" Nikafungua mdomo niseme itakuzika. Likatoka "Sijui." Sijui limetoka wapi, nadhani umeniambukiza kwa posta. Mteja kaniangalia, kaangalia kiatu, kaangalia mimi tena, akanunua. Kamleta na shemeji yake. Biashara gani hii, Kaka? Miaka yote nimejichosha kuinama chini ya meza bure.

Na vile viwili vilivyobaki nimevivaa mimi. Cheusi kushoto, cha kahawia kulia. Watoto wa shule wananicheka, na jana bwana mmoja kang'ang'ania nimuuzie, eti ni mtindo. Nimemwambia haviuzwi, wenzao wako kazini.

Picha nikampelekea Mama. Nikamwekea mkononi, nikamwelekeza: hiki kiti, hii fimbo, huu msalaba kifuani. Hakuvitaka hivyo. Aliisogeza mpaka ikagusa miwani, akashuka nayo taratibu, joho, mapindo, mpaka chini kabisa, akaweka kidole kwenye kiatu cha kushoto, akapapasa.

"Si nilikwambia," akasema, "hiki ndicho."

Akaitundika mwenyewe.

Mdogo wako,
Kisigino